Kupima DNA ya Uvimbe wa Umio

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa kama sentimeta 25 kwa mtu mzima, upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani ishikapo mrija huu, mgonjwa kwanza hushindwa kumeza nyama na ugali, kisha uji, na mwishowe hata maji na mate yake mwenyewe. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ukanda unaoanzia Ethiopia na kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika ya Kusini ni miongoni mwa sehemu za dunia zijulikanazo kwa wingi wa saratani ya umio, pamoja na kaskazini ya Iran na wilaya ya Linxian nchini China. Huko magharibi ya Kenya wameonekana hata wagonjwa wasiotimiza miaka 30.

Swali linalomsumbua daktari ni hili: wagonjwa wawili wana uvimbe wenye ukubwa ule ule, na seli zake zatazamwapo kwa hadubini zinafanana. Wote wawili wanapasuliwa. Mmoja anaishi miaka mingi, na mwenzake anafariki kabla ya mwaka kwisha. Upasuaji wenyewe si jambo dogo, kwani mara nyingi hubidi kifua kifunguliwe, umio uondolewe, na tumbo livutwe juu kushika nafasi yake. Kama kungekuwa na alama ya kumtambua mapema yule ambaye uvimbe wake una mwendo mkali, daktari angeweza kupima vizuri zaidi faida na hasara za kisu. Kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu wameitafuta alama hiyo ndani ya kiini cha seli.

Msomaji atakumbuka kwamba kila seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, na kwamba mbegu ya kiume na yai la kike zina 23 kila moja. DNA yote iliyomo katika kromosomu hizo 46 ina uzito wa pikogramu 6.6 hivi, pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa kwa milioni mara milioni. Seli ijiandaapo kugawanyika hunakili DNA yake yote, ikafikia pikogramu 13.2, ndipo ikatoa seli mbili zenye 6.6 kila moja. Kwa hiyo katika nyama yenye afya tutakuta seli nyingi sana kwenye 6.6, chache kwenye 13.2, na nyingine chache katikati, zikiwa bado zinanakili.

Katika saratani utaratibu huo huvurugika. Kromosomu hazigawanywi sawasawa. Seli moja hupata zaidi na nyingine hupungukiwa. Pengine seti nzima hurudufika bila seli kugawanyika, kisha kromosomu moja moja hupotea vizazi vinavyofuata. Hali hii ya kuwa na idadi isiyo kamili huitwa aneuploidi. Katika seli yenye afya zimo protini zinazosimamisha mgawanyiko wenye kasoro, lakini katika saratani nyingi za umio jeni ya mojawapo ya protini hizo, iitwayo TP53, imeharibika.

Sasa kitu kizito kama pikogramu chache hupimwaje? Hakuna mizani iwezayo kazi hiyo. Hupimwa kwa rangi. Mwaka 1924 mwanakemia Mjerumani Robert Feulgen, pamoja na Heinrich Rossenbeck, alionyesha kwamba DNA ikilowekwa katika asidi ya haidrokloriki hufichua sehemu zinazoshikana na kemikali maalumu na kuwa nyekundu ya zambarau. Penye DNA nyingi rangi hukoza, penye DNA kidogo hufifia. Msweden Torbjörn Caspersson, katika miaka ya 1930, aliunganisha hadubini na kifaa cha kupima nuru, akaweza kujua kiasi cha nuru kinachomezwa na kiini kimoja. Kazi hiyo ilikuwa ya taratibu mno, kiini baada ya kiini.

Tangu miaka ya 1960 zikatokea mashine zinazopitisha seli moja moja ndani ya mfereji mwembamba wa maji mbele ya mwale wa nuru. Kila seli, ikiwa imetiwa rangi inayong'aa, hutoa mmweko, na mashine huhesabu maelfu ya mimweko kwa dakika. Mwaka 1983 David Hedley na wenzake huko Australia walieleza jinsi ya kupima hivyo hata nyama iliyohifadhiwa katika nta. Kwa maoni yangu hatua hii ilikuwa kubwa kuliko ionekanavyo, kwa sababu makabati ya hospitali yamejaa vipande vya nta vya wagonjwa ambao mwisho wao unajulikana tayari. Mtafiti hakulazimika tena kungoja miaka kumi.

Tuchukue mfano wa darasani. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni za kawaida, zimetoa kilele cha mng'ao kwenye kipimo cha 50. Seli za uvimbe zimetoa kilele kwenye 80. Gawanya 80 kwa 50, upate 1.6. Uwiano huo ukiwa 1.0, kiasi cha DNA ni cha kawaida. Hapa tunacho cha kupita kiasi, yaani 6.6 mara 1.6, pikogramu 10.6 hivi. Mwanafunzi ajihadhari na kilele cha uwiano wa 2.0, kwani huenda ni seli nzima zinazokaribia kugawanyika, au seli mbili zilizogandana zikahesabiwa kuwa moja.

Matokeo yake ni yapi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, katika miaka ya 1980, waliripoti kwamba uvimbe wa umio ambao DNA yake imetawanyika mbali na kiasi cha kawaida una mwelekeo wa ukali zaidi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, ulitoka kwa watu ambao hawakuwa na saratani bado. Kiungulia cha miaka mingi huweza kubadili utando wa chini ya umio, hali iitwayo umio wa Barrett, ambayo kwa wachache huzaa saratani. Kundi la Brian Reid huko Seattle, Marekani, lilichapisha mwaka 1992 habari za watu 62 wa namna hiyo waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi 34. Kati ya 13 waliokutwa mwanzoni na DNA isiyo ya kawaida, 9 walipata mabadiliko makubwa ya seli au saratani yenyewe. Kati ya 49 waliobaki, hakuna hata mmoja.

Lakini tusiharakishe. Hiyo ni saratani ya seli za tezi, iliyoenea Ulaya na Marekani. Yetu hapa kwa kawaida ni ya seli bapa, na juu yake tafiti mbalimbali hazikukubaliana. Uvimbe mmoja huweza kuwa na DNA ya kiasi tofauti upande huu na upande ule, na kinofu kimoja hakitoi habari zote. Tena mashine hujua jumla tu. Ni kama kupima gunia bila kulifungua: kilo za mchele zikipungua na za maharage zikaongezeka kwa kiasi hicho hicho, mizani haitasema neno. Ndiyo maana kina ambacho uvimbe umefikia, na idadi ya tezi za limfu zilizoingiliwa, bado ni mwongozo mkuu wa daktari.

Kwa Afrika ya Mashariki kuna kizuizi kingine kisichohusu maabara. Wagonjwa walio wengi hufika hospitali umio ukiwa umekaribia kuziba. Kwa mgonjwa wa namna hiyo uwiano wa DNA, uwe 1.0 au 1.6, haubadili tiba. Anachohitaji siku hiyo ni mrija wa waya unaotanuka, utiwao ndani ya umio ili aweze kunywa.