Roketi juu ya Luvua, hadithi chini ya muembe

Mwalimu mmoja wa Lubumbashi anayeandika hadithi za kubuni za kisayansi anaeleza namna shamba la mama yake, kando ya Luapula, lilivyomlazimisha kuijenga upya Katanga ya mwaka 2090.

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha, ninatoka Lubumbashi na mifuko miwili. Mmoja una mbegu za mahindi. Mwingine una daftari, kalamu tatu na taa ya kuvaa kichwani, vyote vimefungwa ndani ya plastiki kwa sababu lori halina paa. Mbegu ni za shamba aliloacha mama karibu na Kasenga. Daftari ni la hadithi.

Mchana ninafundisha fizikia. Usiku, umeme ukiwepo, ninaandika kuhusu mashine ambazo hazijatengenezwa na miji ambayo haijajengwa. Wenzangu shuleni wanaona ni mchezo wa mtu mzima asiye na watoto wa kulisha. Watoto ninao wanne.

Miaka ya kwanza niliandika mjini tu. Dirisha langu linaangalia lile bomba refu la moshi na mlima wa mabaki ya shaba, picha ambayo kila mtu wa Lubumbashi anaibeba kichwani hata akiwa Ulaya. Lakini katika hadithi zangu hapakuwa na bomba wala mlima. Palikuwa na maghorofa ya vioo, magari yanayoruka, na shujaa aliyeongea kama kanali wa sinema ya Marekani. Rafiki yangu aliyesoma ya kwanza alinirudishia karatasi akasema kitu kimoja tu kilichotoka Lubumbashi, nacho ni jina la mji. Nilidhani ana wivu.

Kisha mama akafariki, na lile shamba likabaki bila mtu. Kwetu, neno la mwisho katika mambo kama hayo ni la mjomba. Alinitumia ujumbe kwa kijana wa lori: ardhi isiyolimwa haingoji, nisipokuja kupanda, chifu atampa mwingine, na yeye hatamzuia. Nikaenda nikiwa na hasira. Likizo yangu yote ilikuwa imepangwa kwa ajili ya kumaliza kitabu.

Kasenga uko mtoni kabisa. Ng'ambo ni Zambia, na simu hushika mtandao wa huko bila kukuomba ruhusa, kisha inakukaribisha katika nchi ambayo hujaikanyaga. Ukitoka hapo kwenda kijijini kwetu, mtandao unapotea. Betri nayo inakwisha siku ya pili. Kuanzia siku ya tatu hakuna kingine cha kufanya jioni isipokuwa kukaa chini ya muembe, kunywa munkoyo na kusikiliza watu. Jioni moja mjomba akaniuliza ninaandika nini siku zote. Nikamsomea, nikigeuza Kifaransa changu kuwa Kiswahili kadiri nilivyoweza.

Ilikuwa hadithi ya mnara wa ghorofa mia tatu, uliojengwa juu ya ule mlima wa mabaki. Ndani yake watu milioni moja wanaishi bila kutoka. Roboti zinapika bukari. Lifti inakwenda hadi kituo cha angani.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake ni heshima kubwa. Halafu akauliza unga wa bukari hiyo unatoka wapi. Nikasema kuna mashine. Akauliza mahindi yanayoingia ndani ya mashine yanatoka wapi. Watoto wakaanza kucheka. Akauliza tena, bila ubaya wowote, yule anayesukuma kinga yenye makala kutoka porini hadi kwenye mnara wangu analala wapi akifika usiku, maana mlango wa chini sikuutaja.

Miezi minane ya kazi, na muzee asiyevaa miwani aliimaliza kwa maswali matatu. Sikulala vizuri.

Wakati wa kurudi mjini nilikaa juu ya magunia, na kwa mara ya kwanza niliihesabu barabara. Ndugu msomaji, wewe uliyepita njia yoyote inayoingia Lubumbashi alfajiri unawajua: wanaume waliokonda, wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala yanayopita urefu wao, jiwe moja mkononi la kutega gurudumu kwenye mlima. Msitu wa miombo unaingia mjini kwa magurudumu mawili na unatoka kama moshi wa jikoni. Hiyo ndiyo nishati ya mji unaokaa juu ya shaba na kobalti, madini ambayo dunia nzima inayataka kwa ajili ya nyaya na betri. Kama ningeisoma habari hiyo katika hadithi ya mwandishi wa nchi nyingine, ningesema ametia chumvi.

Roketi ni habari nyingine niliyoipata njia hiyohiyo. Niliisikia kijijini kabla ya kuisoma kokote. Mzee mmoja aliyewahi kuvua samaki upande wa Pweto alisema kwamba zamani, wakati wa Mobutu, Wazungu walirusha chuma angani huko juu ya Luvua. Niliiweka pamoja na hadithi za mamba wanaogeuka watu. Niliporudi mjini na kutafuta, nikakuta mzee hakuongeza hata neno.

Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilifanya mkataba na serikali ya Zaire. Ilipewa haki juu ya eneo la kaskazini mwa Shaba lenye kilomita za mraba zipatazo 100,000, zaidi ya mara tatu ya Ubelgiji yote. Mwenyekiti wa baraza lake alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kituo cha anga cha Kennedy huko Marekani. Uwanja wa kurushia ulijengwa ukingoni mwa nyanda za juu, bonde la Luvua likiwa chini yake. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza iliruka. Ya pili ilifuata mwezi wa Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979, Umoja wa Kisovyeti na wengine wakiwa wamelalamika sana kwamba hizo ni silaha zilizofichwa, kazi ilisimamishwa na kampuni ikahamia Libya.

Kama mwalimu wa fizikia, kilichoniamsha ni jinsi chombo chenyewe kilivyotengenezwa. Kayser alitaka roketi ya bei ndogo. Badala ya injini moja kubwa alifunga pamoja mabomba mengi membamba yanayofanana, kila moja likiwa na mafuta ya aina ya dizeli na asidi ya nitriki. Vali zilifunguliwa na mota ndogo za kufuta vioo vya gari. Fundi yeyote wa gari mjini Lubumbashi ameshika mota kama hiyo. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu: safari ya anga ya Katanga ilipita kwenye kipuri kinachouzwa pembeni ya barabara!

Na angalia ramani. Luapula unaopita chini ya shamba la mama unaingia ziwa la Moero, unatoka Pweto ukiitwa Luvua, unapita bondeni pale, kisha unaungana na Lualaba huko Ankoro. Maji niliyokuwa ninaoga kila jioni yalikuwa yanakwenda kwenye uwanja wa roketi. Mimi nilikuwa nimekaa Lubumbashi kwenye meza nikiiga Hollywood.

Sisemi kwamba kijiji ndiyo chuo na mji ni upotevu. Nimezika binamu aliyekufa kwa malaria kwa sababu usiku ule hapakuwa na kinga ya kumpeleka kwenye kituo cha afya. Vijana wengi wa umri wa wanafunzi wangu wamekwishaondoka kwenda kuchimba, na walio nyumbani wananiuliza kama ninaweza kuwapatia mahali pa kulala mjini. Mtu anayekuja na daftari wiki tatu kwa mwaka halafu anapanda lori hana haki ya kusifu mwangaza wa mwezi. Mwezi unaonekana vizuri pale kwa sababu taa hakuna.

Mimi si wa kwanza kusimama kati ya pande mbili. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akafika Kinshasa mwaka 1970, akafundisha, akatengeneza vitu vya kale katika jumba la makumbusho la taifa, kisha akajitolea kabisa kujenga miji midogo ya karatasi, katoni, plastiki na vifuniko vya chupa. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Wengi wanapenda Ville Fantôme yake ya mwaka 1996. Mimi ninarudi kwenye ile ya mwaka 1994, ambayo urefu wake ni karibu mita tatu na jina lake ni Kimbembele Ihunga. Ndiyo, kijiji chake. Amekipa maghorofa, kiwanja cha mpira na kituo cha treni. Angeweza kuota Kinshasa mpya kama wengine. Akaipeleka kesho yote nyumbani kwao.

In Koli Jean Bofane naye, katika riwaya yake Congo Inc. ya mwaka 2014, anaanzia msituni: kijana Isookanga, Mwekonda, anaona mnara wa simu umesimamishwa kwao, anapata kompyuta, anacheza mchezo wa kupigania madini na mafuta, kisha anashuka Kinshasa akitaka kuwa tajiri wa dunia. Si hadithi ya kisayansi kwa maana ya maduka ya vitabu, lakini mpito wake ndio huohuo. Huko Kinshasa kuna pia kundi la Kongo Astronauts, la tangu mwaka 2013, ambalo mwanaanga wake anatembea mitaani akiwa amevaa vazi lililoshonwa kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Na filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, inaanzia kwa wachimbaji wa koltani katika vilima vya Burundi. Ukiviweka hivi vyote pamoja unaona kwamba katika sehemu yetu ya Afrika mtu akianza kuwaza mashine, haichukui muda atajikuta kwenye shimo ambalo mashine hiyo ilichimbwa. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Katika nchi nyingi mwandishi angelazimika kubuni jambo kama hilo.

Siku hizi kazi yangu imejigawa yenyewe. Mjini ninakusanya: namba, majina ya vipuri, namna fundi anavyoeleza hitilafu ya mota, maneno ya wanafunzi. Kijijini siandiki sana, labda ukurasa mmoja kwa siku, mikono ikiwa imechoka na jembe. Pale ninasoma kwa sauti na kuulizwa. Hadithi yenyewe inajifunga njiani, juu ya lori, ambapo huwezi kuandika lolote kwa sababu ya mashimo, unabaki kushikilia kamba na kurudia sentensi kichwani mpaka kituo kingine. Nyingi zinapotea. Zinazofika Lubumbashi zikiwa hai ndizo ninazoandika.

Mnara wa ghorofa mia tatu niliubomoa. Nimebaki na ghorofa nne na mlango wa chini ulio mpana. Hadithi mpya inaanza mwaka 1978, msichana akichota maji Luvua siku roketi ya tatu iliposhindwa. Anaokota mota ndogo ya kufuta vioo, anaificha chini ya kitanda cha nkambo yake. Mwaka 2090 mjukuu wake anaitumia mota hiyo kuendesha kitu fulani.

Novemba iliyopita nilimsomea mjomba sura tatu za kwanza. Msichana alimpendeza. Alisema wa kwao walikuwa hivyo hivyo, wakaidi. Halafu akauliza hicho kitu cha mwaka 2090 kina uzito gani, na kama kikiharibika shambani kinaweza kupakiwa kwenye kinga mpaka Kasenga. Nikamwambia bado sijakipima. Akasema nikipime kwanza, na kwamba kesho tunaanza na upande wa mtoni, kwa sababu udongo wa huko unakauka haraka.