Siku Moja Katika Mbuga ya Mikumi

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, na kila kikundi kina mtu wa kuandika. Somo letu la leo lahusu wanyama wa porini, na jinsi jamaa moja inavyoweza kwenda kuwatazama kwa siku moja na kurudi nyumbani salama.

Watu wengi hudhani kwamba mbuga za wanyama ni mambo ya wageni wenye kofia pana na kamera kubwa. Sivyo. Neno safari lenyewe ni letu, nao wageni wameliazima kwetu. Mbuga ni zetu vile vile. Raia wa Afrika ya Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo kuliko cha mgeni wa mbali. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano halipi kitu.

Tutachukua mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 3,230. Katika miaka ya 1950 barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa ilijengwa kupita katikati ya nyika hiyo. Barabara ilileta faida nyingi, lakini wawindaji nao walipata njia nyepesi. Ndipo sehemu hiyo ikawekewa ulinzi, na mwaka 1964 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kumbukeni habari hiyo ya barabara, maana tutairudia mwishoni.

Asubuhi

Tuseme jamaa ya watu sita, baba, mama, bibi na watoto watatu, wamekodi motokaa pamoja na dereva wake kutoka mjini Morogoro. Mwendo ni kiasi cha kilometa 100. Yafaa waondoke alfajiri, wafike mlangoni mapema. Kwa nini? Kwa sababu wanyama wengi hula wakati wa ubaridi, yaani asubuhi na jioni. Anayefika saa sita mchana hukuta vichaka tu.

Wachukue maji ya kutosha, chakula na kofia. Nguo ziwe za rangi hafifu. Mbuga ya Mikumi ina mbung'o, na mdudu huyo huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Kuumwa kwake huuma sana, na mahali pengine ndiye aletaye malale.

Mlangoni watasomewa masharti. Mtu akipewa sharti bila sababu, hulivunja mara askari anapogeuka. Basi tutazame sababu zake.

Sharti la kwanza: msishuke katika motokaa ila mahali paliporuhusiwa. Mnyama wa hifadhini amezoea kuona motokaa ikipita. Kwake ni kitu kimoja kikubwa, hakimfukuzi wala hakiliwi. Lakini mtu akishuka, au akitoa nusu ya mwili dirishani, mnyama huona umbo la mtu. Swala atakimbia. Simba au nyati huenda asikimbie.

Sasa jamaa yetu wamefika uwanda wa Mkata. Wanaona pundamilia na nyumbu wakila pamoja, na pembeni twiga. Mtoto mmoja anauliza, "Bibi, mbona hawagombani, na majani ni yale yale?" Jibu ni kwamba si yale yale. Pundamilia hula mabua marefu na magumu. Nyumbu hupenda majani mafupi na laini yanayobaki chini. Twiga hachungi chini kabisa, maana hula majani ya miti mahali ambapo mwingine hafiki. Ni kama watu wanaokula sinia moja, kila mtu kwa upande wake. Ukiondoa aina moja ya mnyama, usifikiri umepunguza mlaji tu. Umeharibu mpango wa sinia nzima.

Mbele yao kundi la tembo linavuka njia. Dereva anasimama mbali na kuzima mlio wa redio. Hapo bibi ndiye atakayeelewa upesi kuliko wote, kwa maana kundi la tembo huongozwa na jike mzee. Yeye ndiye akumbukaye maji yalipo wakati wa kiangazi. Tembo jike huchukua mimba miezi 22, kwa hiyo mtoto wake ni mali ya thamani kubwa. Msipite kamwe kati ya mama na mtoto. Tembo akitandaza masikio, akatikisa kichwa na kuinua mkonga, anasema, "Rudini nyuma." Rudini polepole, bila honi.

Adhuhuri

Jua likipanda, wanyama hutafuta vivuli. Simba atakuwa amelala chini ya mti, na watoto watasikitika. Waelezeni kwamba simba hupumzika kiasi cha saa ishirini katika siku nzima. Si mvivu. Mawindo yake mengi humponyoka, kwa hiyo hana nguvu za kutawanya ovyo. Msimpigie makofi ili aamke.

Huu ndio wakati wa kula, mahali palipotengwa. Hapo nyani watakuja. Mtoto atataka kumtupia mmoja kipande cha ndizi. Mkatazeni. Nyani aliyelishwa hujifunza kwamba mtu ni chakula chake. Kesho ataingia ndani ya motokaa, kesho kutwa atamng'ata mtoto wa mtu, na mwisho wake atapigwa risasi. Ndizi moja ya huruma imemwua. Takataka zote zirudi nanyi nyumbani.

Baadaye jamaa yetu wanakwenda kwenye bwawa la viboko, karibu na mlango. Kiboko hukaa majini mchana kwa sababu ngozi yake hukauka na kupasuka juani. Usiku hutoka kwenda kula majani. Wewe msikilizaji unayekaa kando ya mto, shika neno hili: usisimame kati ya kiboko na maji. Akishtuka hukimbilia majini, na aliye njiani hukanyagwa au hung'atwa. Jioni na alfajiri ndizo saa za hatari kwa wachota maji na wavuvi.

Jioni

Jamaa yetu wamefurahi, sasa wanarudi. Hapa ndipo penye somo kubwa la leo, nalo lamhusu hata yule ambaye hajaingia mbugani kwa kiingilio. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilometa 50. Kila siku mabasi na malori hupita hapo, na wanyama hugongwa. Watu nao hufa, maana motokaa ikimgonga twiga au nyati, haisalimiki.

Tufanye hesabu. Motokaa iendayo kilometa 100 kwa saa hupita mita 28 hivi kila sekunde. Dereva akimwona mnyama, huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki. Amekwisha kwenda mita 42, na breki bado. Akienda kilometa 50 kwa saa, atakuwa amekwenda mita 21 tu. Tena mwendo ukipungua kwa nusu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hupungua hata kuwa robo. Usiku mambo huzidi ubaya, kwa kuwa taa humduwaza swala akasimama katikati ya njia.

Kwa hiyo abiria, uonapo dereva wa basi akikimbia kati ya vibao vya Mikumi, usinyamaze kwa kuona haya. Mwambie, "Ndugu dereva, tafadhali punguza mwendo, tumo mbugani." Abiria wawili watatu wakisema pamoja, dereva husikia. Waliotangulia waliitenga nyika hii mwaka 1964 ili bunduki zisiimalize. Itakuwa aibu kwetu ikimalizwa na magurudumu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mnyama haiogopi motokaa lakini humwogopa au humshambulia mtu aliyeshuka?

2. Kumlisha nyani kunamdhuru vipi?

3. Ikiwa mwendo wa motokaa ni kilometa 80 kwa saa, itapita mita ngapi kwa sekunde moja na nusu?

4. Jamaa sita au saba wa mtaa wenu wakichangishana kidogo kidogo, wataweza kukodi basi moja dogo kwenda mbuga iliyo karibu nanyi? Fanyeni hesabu, mwandishi aziandike.