Paka wa Pwani na Figo Zake

Jioni maji yakipwa, paka wa Lamu huteremka gatini wakaketi kungoja mashua za wavuvi. Watalii huwapiga picha, wenyeji huwapiga teke, na kila upande una hakika kwamba unamjua paka: mvivu, mwoga wa maji, kafuata vichwa vya samaki. Hilo la mwisho hunikera. Paka hakuhamia pwani kwa uroho. Aliletwa na vyombo, kama walivyoletwa wengi wetu, na mwili aliokuja nao uliumbwa kwa nchi kame.

Nasaba yake ni paka-mwitu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Kisiwani Saiprasi wachimbuaji walifukua kaburi la takriban miaka 9,500, ndani yake mtu na paka wamelazwa karibu karibu. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, basi huyo lazima alivushwa bahari. Watu wa Lamu husema paka wao walitoka Misri, na ushahidi wanaokuonyesha ni masikio marefu na miguu myembamba. Hadithi tamu, ila vinasaba vya paka wa pwani ya Kenya vimewapeleka kwenye kundi la Asia, huko inakovuma kaskazi.

Mji wenyewe paka hauoni kama tunavyouona sisi. Nyekundu kwake imefifia, na kitu kilicho chini ya pua yake hakioni sawasawa. Hapo sharubu ndizo macho. Sisi tunasikia mawimbi, yeye anasikia mlio wa panya ndani ya ukuta wa matumbawe, mlio mwembamba usiofika kabisa kwenye sikio la binadamu. Halua usimpe: chembe ya urithi ya kuonja utamu imeharibika katika ukoo wao mzima.

Ajabu yake kuu, hata hivyo, imo kiunoni. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Binadamu akiyanywa, figo zake haziwezi kuukoleza mkojo mpaka ufikie ukali huo, basi mwili hutoa maji mengi kuliko yaliyoingia. Ndiyo maana baharia aliyepotea hufa kwa kiu huku amezungukwa na maji. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka aliyekaukiwa anaweza kunywa maji ya bahari na mwili ukapata maji yake tena, na kwamba akilishwa samaki au nyama anaweza kuendelea bila kunywa kitu.

Siri yenyewe anaijua kila atengenezaye ng'onda: chumvi huvuta maji. Ndani ya figo mna virija vyembamba mno vinavyoshuka hadi nyama ya ndani, vikapinda kama ndoana, vikapanda tena. Vikipanda hutema chumvi lakini maji huyazuia, na chumvi ile hurundikana kwenye nyama ya ndani. Kadiri unavyozidi kuzama ndivyo inavyozidi ukali. Kisha mkojo, ambao bado ni mwepesi, huteremshwa kwa mrija wa mwisho unaopita katikati ya nyama hiyo iliyokolea. Hapo chumvi ya nje huyavuta maji yatoke mrijani, damu ikayapokea na kuyarudisha mwilini. Yanayobaki ni matone machache mazito, yenye harufu anayoijua kila mwenye baraza. Virija hivyo hata sisi tunavyo, ila vyetu vingi ni vifupi. Vya paka vyote ni virefu, na mkojo wake hufikia ukali zaidi ya mara mbili ya wetu.

Kipaji hicho hakikuja bure. Paka hahisi kiu upesi. Mkojo mzito huweza kufanya chembe kama za mchanga, na kwa dume, mwenye njia nyembamba, chembe hizo huiziba. Akizibwa, siku mbili tatu zatosha kumuua. Jirani watasema kalishwa sumu.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Paka wa nini na maji? Mtupie utumbo wa changu, yatosha." Hakukosea sana, maana karibu robo tatu ya samaki ni maji. Waliokosea ni sisi wa leo. Tunanunua punje kavu za ng'ambo, zenye maji kama sehemu moja ya kumi, katika mji unaopokea samaki kila siku, na bakuli la maji hatuweki. Na sisi ndio tuliofundishwa chuoni habari za sahaba Abu Qatada, aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe!

Na tukitaja kupuuza, tumtaje khadzonzo. Huyu ni paka wa mabaka kama gome la mti, wa upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na jina hilo ni la Wagiriama. Mwaka 1984 wawili walipelekwa Denmark, na leo uzao wao unaandikwa daftarini na wafugaji wa Ulaya kwa jina la Sokoke, wakikaa kando ya bahari nyingine, yenye baridi. Hapa kwetu bado ni wa kufukuzwa jikoni.



Kwa hiyo, kama hutaki kumpuuza paka wako, weka bakuli la maji baridi kivulini, mbali na sahani ya chakula, uyabadilishe kila asubuhi. Na dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.