Baridi Yabisi Sugu: Kabla ya Kutia Sahihi ya Utafiti

Mama wa Kasoli ambaye vidole vimevimba hata kuchuma pamba hawezi, akisikia kuna utafiti wa dawa mpya hukubali upesi. Namwelewa. Lakini, mpenzi msomaji, utafiti si tiba: huenda ukapewa dawa mpya, huenda ukapewa kidonge kisicho na dawa, nawe usijue ni kipi. Uliza kibali cha NIMR na cha TMDA. Uliza pia nauli ya Mwanza italipwa na nani. Ukichoka, jitoe, hutanyimwa matibabu ya kawaida. Methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, usiiache bila kumwambia daktari. Wengine tunawaandika kuwa ugonjwa wao umekuwa sugu, kumbe vidonge viliisha mwezi uliopita.