Kweli au Uongo: Chakula cha Mchana Addis Ababa

Ukitumwa kikazi Addis Ababa, wenzako ofisini watakujaza maonyo kabla hujafunga begi. Mimi mengi niliyaamini, mpaka nilipoketi kwenye mgahawa mdogo nyuma ya jengo tulikofanyia semina.

"Kula hotelini tu, mtaani utaumwa tumbo." Uongo, na ndio uongo unaowanyima wasafiri wengi chakula kizuri. Tumbo huumizwa na chakula kilichokaa vuguvugu kwa saa nyingi, na hicho hata kwenye meza ndefu ya hoteli kubwa utakikuta. Bakteria huzaliana kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzijoto 5 na 60. Siku ile mama mwenye mgahawa aliniletea shiro, unga wa dengu uliopikwa kwa kitunguu na viungo, ndani ya chungu kidogo cheusi, bado inatokota, mapovu yanapasuka na kurusha matone mekundu juu ya injera, mkate wao mwembamba. Ilinibidi nisubiri ipoe. Chakula kinachotoka jikoni namna hiyo nakila bila wasiwasi. Nilichojihadhari nacho ni maji ya bomba na kachumbari.

"Injera imechacha." Kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Unga wa teff, nafaka ndogo kuliko hata ulezi, hukorogwa kwa maji na chachu iliyobaki safari iliyopita, ukaachwa siku mbili tatu uumuke. Kisha humiminwa kwa kuzungushwa juu ya mitad, kikaango kipana cha udongo, na kufunikwa. Haigeuzwi. Upande wa juu hujaa vitundu ambavyo wenyewe huviita macho, na macho hayo ndiyo yanayonyonya mchuzi. Ukiitazama kama chapati ya maji, tonge la kwanza litakushtua. Aliyekua akinywa togwa ataizoea upesi.

"Mgeni asipopewa nyama hakukaribishwa." Uongo. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, mbali na Kwaresima na mifungo mingine mirefu, na katika siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo jikoni wamebobea katika mboga na vyakula vya jamii ya kunde kwa karne nyingi. Ukiagiza beyaynetu ya mfungo unaletewa sinia moja ya injera iliyopambwa kwa mafungu: adesi nyekundu yenye berbere (mchanganyiko wao wa pilipili na viungo), kabichi na karoti, sukuma, kiazisukari, na shiro katikati. Mimi nilifika Jumatano, nami sikuikumbuka nyama hata kidogo.

"Chakula chao chote ni pilipili." Nusu kweli. Berbere ni kali. Omba alicha, iliyopikwa kwa manjano bila berbere.

"Kula kwa mkono mbele ya wakubwa ni aibu." Uongo mtupu. Nawa, tumia mkono wa kulia, kata kipande cha injera, zoa mboga. Mwenyeji wetu, mtu mzima anayeheshimika kazini kwake, alikunja tonge nono akaninyooshea mpaka mdomoni. Hiyo ni gursha, na tonge la namna hiyo hupewa mtu unayempenda au kumheshimu. Nililipokea. Asubuhi nzima tulikuwa tumeitana kwa vyeo. Baada ya tonge lile aliniuliza habari za watoto wangu.

"Hata saa zao hazieleweki." Kwa Mzungu, labda. Sisi tuna bahati: Mwethiopia akikuambia mkutane saa sita, ni saa sita ile ile ya mchana, kwa kuwa naye huanza kuhesabu jua likichomoza.

"Kahawa ni ya kumalizia, inywe upesi mrudi kikaoni." Uongo, na hapa wengi huwakosea wenyeji bila kujua. Buni hukaangwa mbele yenu, moshi wake unapitishwa mnuse, kisha hutwangwa na kuchemshwa ndani ya jebena, birika lao la udongo. Hunywewa duru tatu: abol, tona, kisha bereka. Hiyo ya tatu ni baraka, neno lile lile letu. Siku ile kikao cha mchana kilichelewa kuanza, kwa sababu hakuna aliyeinuka kabla ya kikombe hicho.