Saa za Jeshi na Usiku wa Latema

Usiku wa Machi 11, 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vikosi vya Kiingereza vya Jenerali Smuts, vikipigana na Wajerumani, vilipotezana kwenye vilima vya Latema na Reata, kaskazini mwa Ziwa Jipe. Mchana kutwa askari wa Keya (King's African Rifles), Wabaluchi kutoka India na Warhodesia walikuwa wamejaribu kuvipanda wakarudishwa kwa risasi, na Luteni Kanali Graham aliyewaongoza Keya akauawa. Giza lilipoingia wakapelekwa Waafrika Kusini na singe zao. Vichakani hakuna aliyemwona mwenzake. Kabla ya alfajiri Smuts, akiamini shambulio limeshindikana, aliamuru watu warudi nyuma. Kulipokucha ikaonekana vikundi vichache vilikuwa bado vimeng'ang'ania huko juu, na Wajerumani wamekwisha kuondoka.

Ukitaka kuelewa kwa nini saa ya zamani ya kijeshi ina sura iliyo nayo, anzia usiku kama huo. Bendera haionekani, moshi hauonekani, tarumbeta inamwamsha adui. Wenye amri moja waliotenganishwa na giza wanabaki na kitu kimoja cha pamoja, nacho ni wakati. Kuchomoa saa ya mnyororo mfukoni, kufungua kifuniko na kuwasha kiberiti ilikuwa ni kujitafutia kifo.

Kabla ya hapo wanaume wengi wa Ulaya waliiona saa ya mkono kuwa pambo la wanawake. Vita ndivyo vilivyowabadilisha. Maofisa wa Kiingereza walijinunulia wenyewe: kasha dogo la fedha, mara nyingi lisilofika milimita 36, lililochomelewa vipande vya waya juu na chini ili mkanda wa ngozi upite. Namba zilikuwa nene, zimepakwa rangi ya rediamu inayong'aa gizani. Wengine waliongeza kizuizi cha chuma chenye matundu juu ya kioo, maana kioo kikivunjika ugenini hakuna wa kukibadilisha.

Halafu kuna vumbi. Anayeijua njia ya kutoka Mwanga kwenda Same wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Smuts yalishuka kando ya reli ya Usambara, Milima ya Pare ikiwa ubavuni, hadi Same na kuendelea kuelekea Mombo. Chembe moja ya vumbi ikiingia kwenye mafuta ya mashine inatosha kuichelewesha saa. Ndiyo maana makasha ya kufunga kwa hesi yalithaminiwa sana, na ndiyo maana baada ya vita watengenezaji waliendelea kuhangaika na kuziba.

Jibu lao zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuja 1945. Wizara ya Vita ya Uingereza ilikuwa imeagiza saa za aina moja kutoka kampuni 12 za Uswisi, zikiwemo Omega, Longines, IWC, Cyma na Vertex. Mgongoni zilichongwa herufi W.W.W. na mshale mpana, alama ya mali ya serikali. Uso mweusi, namba nyeupe, duara dogo la sekunde chini, mawe 15 ndani ya mashine, kioo kisichopasuka, kasha lisiloingiza maji. Hakuna tarehe, hakuna nakshi. Hata pini za mkanda hazitoki. Zimekazwa moja kwa moja, ili saa isidondoke.

Mswahili ana sababu yake ya kuupenda uso ule. Mshale ukiwa kwenye 7 sisi twasema saa moja. Hatusomi namba, tunasoma pembe. Mishale inayotofautiana wazi kwa urefu, juu ya uso usio na takataka, inamtosha mwenye hesabu yoyote.

Saa hizo za W.W.W. ziliwachelewea Keya wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Bonde la Kabaw, Burma, 1944, na W.W.W. zilianza kutolewa mwaka uliofuata. Hata zile za awali askari wa kawaida hakupewa. Alipewa ambaye kazi yake ilimlazimu, kama ofisa, naye alitakiwa kuirudisha stoo. Na wapagazi wa 1916, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita vile vya kwanza, waliamshwa kwa saa zilizokuwa mikononi mwa wengine. Mkusanyaji anayeisifu saa ya vita vya Afrika Mashariki bila kuwataja hao anaisifu nusu.

Huko Oman, walikohamia Wazanzibari wengi, kuna saa za kijeshi za namna nyingine. Sultani Qaboos, aliyeshika madaraka 1970, alitoa Rolex zenye nembo ya jambia usoni, na baadhi zikawafikia Waingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Ni ghali mno leo. Mimi bado naziweka chini ya W.W.W. Rolex ile ni shukrani ya mfalme, W.W.W. ni chombo cha kazi, na kila kilichomo kina sababu.

Kwa anayeirithi saa ya namna hii, au kuiona mezani kwa fundi saa, rangi ile ya rediamu inataka tahadhari. Unga uliong'aa umekwisha nguvu zamani, lakini rediamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Wasichana wa viwanda vya Marekani waliozichora nyuso za saa, wakichongoa brashi kwa midomo, waliugua taya na kufa katika miaka ya 1920. Kioo kikiwa kizima, ivae. Kikiwa kimepasuka, iweke kwenye mfuko uliofungwa hadi umpate fundi anayeijua hatari hiyo, na umkataze kukwangua au kupaka upya. Vumbi la rangi hiyo halifai kuvutwa puani, na uso uliopakwa upya mkusanyaji makini haununui.