Vipele vya ndevu: Kabla ya kulaumu wembe, angalia povu lako

Kijana mmoja alirudi kliniki kwangu mara ya tatu ndani ya miezi minne, kwa tatizo lile lile. Ni mlinzi, ana miaka 26, na mwajiri wake anamtaka afike kazini kila asubuhi akiwa amenyoa ndevu zote. Shingo yake ilikuwa imejaa vipele vyeusi vigumu, vingine vina usaha, na chini ya taya palikuwa na kivimbe kilichoanza kukakamaa kama kovu.

“Dokta, nikinyoa naumia, nisiponyoa naandikiwa barua,” aliniambia. Barua mbili za onyo alikuwa amekwishapata. Ya tatu ingemtoa kazini.

Hapa nikiri kosa langu. Mara mbili za mwanzo nilimwandikia dawa, nikamwambia aache kunyolea sabuni ya kufulia, anunue sabuni halisi ya kunyolea. Alitii. Alinunua ile ngumu ya duara, kwa sababu inadumu miezi mingi. Hali ikazidi kuwa mbaya, nami sikuwa nimemuuliza anaitumiaje.

Safari hii nilimwomba aje na vifaa vyake pamoja na chupa ya maji ya kisima cha nyumbani kwao, anyoe mbele yangu. Alichovya brashi, akaisugua juu ya sabuni mara nne tano, akapaka shingoni. Kilichopatikana ni utando mwembamba wa kijivu wenye viputo vikubwa. Kabla hajainua wembe, nusu ya viputo ilikuwa imepasuka. Sabuni alikuwa nayo, lakini kwa kweli alikuwa ananyoa ngozi kavu.

Msomaji wangu, kama unatumia sabuni ngumu na povu linakugomea, makala ya leo ni yako.

Povu lina kazi gani?

Wengi hudhani povu ni la kuonyesha tu wapi wembe umepita. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Unywele mkavu wa ndevu ni mgumu, lakini ukinywa maji kwa dakika mbili au tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Povu zito huyashikilia maji hayo juu ya ngozi yasikauke wala kutiririka. Pia huweka utelezi kati ya chuma na ngozi, ili wembe upite bila kukwangua.

Kwetu sisi wenye nywele za kipilipili jambo hili lina uzito wa pekee. Unywele uliojipinda ukikatwa huacha ncha kali kama ya mshale. Unapoota, ncha hiyo hujikunja na kuichoma ngozi, au hutoboa ukuta wa kishimo chake kabla hata haujatokeza nje. Mwili huiona kama mwiba, huvimba kupambana nayo, na hapo ndipo kipele huzaliwa. Wembe ukikosa utelezi, mtu hukandamiza, hurudia mahali pamoja mara nyingi, na huivuta ngozi. Yote matatu huufanya unywele ukatwe chini zaidi na kuongeza vipele.

Kwa nini sabuni ngumu inagoma

Sabuni ya kunyolea hutengenezwa kwa mafuta yanayotoa povu zito linalokaa, tofauti na sabuni nyingi za kuogea ambazo povu lake huja haraka na kutoweka haraka. Ile ya kopo au ya tyubu tayari ina maji mengi ndani yake. Ngumu karibu haina, kwa hiyo maji ni lazima uyatie wewe. Ukiwa na haraka, unapata viputo vya hewa na sabuni kidogo sana.

Kikwazo cha pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam, na maji ya sehemu nyingi za kanda ya kati, yana chumvichumvi za kalsiamu na magnesiamu. Haya ndiyo tunayoyaita maji magumu. Unayatambua kwa ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria ya kuchemshia, na kwa nguo zinazokataa kutoa povu. Madini hayo huishika sabuni na kuigeuza kuwa utando wa kijivu usio na kazi. Mpaka madini yote yapate sabuni ya kushikana nayo, povu halianzi. Ule utando wa kijivu wa kijana wangu ulitokana na hilo.

Habari njema ni kwamba maji ya kutengenezea povu hayazidi nusu kikombe. Tumia ya mvua yaliyokingwa vizuri, au maji ya kunywa ya chupa. Kuchemsha, kuacha yatulie na kumimina yale ya juu huondoa sehemu ya ugumu, ingawa hakuondoi chumvi yote. Usitie magadi. Ni kweli hulainisha maji, lakini sabuni tayari ina ukali wa alikali, na ngozi inayokwenda kupitiwa na wembe haihitaji kuongezewa mwingine.

Hatua kwa hatua

Kwanza, mwagia juu ya sabuni kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu, uiache ilowe wakati unaoga au unapiga mswaki. Brashi nayo iloweke ndani ya kikombe.

Pili, osha ndevu, kisha ziwekee kitambaa safi kilicholowa maji ya vuguvugu kwa dakika tatu hivi. Maji ya moto sana hayasaidii, huikausha na kuiwasha ngozi.

Tatu, mwaga maji ya juu ya sabuni. Kung’uta brashi mpaka iache kudondosha, lakini usiikamue ikawa kavu. Isugue juu ya sabuni kwa kuizungusha, nusu dakika au zaidi. Kwa maji magumu, hesabu dakika nzima. Hapa wengi hukata tamaa mapema. Usitafute povu kwanza. Tafuta sabuni nzito kama uji mzito iliyoshika kwenye nywele za brashi.

Nne, hamia usoni au kwenye bakuli, uanze kuizungusha. Sasa ongeza maji, matone machache tu kwa ncha ya brashi, zungusha tena, ongeza tena. Rudia mara tano, sita au saba. Ukimimina maji kwa mkupuo, povu litakuwa jepesi na kudondoka.

Tano, lipime. Povu jema hung’aa kama mtindi mzito, halina viputo vya kuonekana kwa macho, na ukiinua brashi huacha kilele kinachosimama. Lisugue kati ya vidole viwili: liteleze bila kukwama. Likiwa gumu na linakauka kwenye kingo, limekosa maji. Likiwa na viputo vikubwa na linatiririka, limekosa sabuni, rudi kwenye sabuni sekunde chache.

Sita, liache usoni dakika moja au mbili kabla ya kushika wembe. Ukitaka kupitisha wembe mara ya pili, paka povu upya. Usinyoe kamwe mahali palipokwisha povu.

Huna brashi? Kwangua sabuni kidogo kwa kisu, ikande kwa matone ya maji ya vuguvugu mpaka iwe laini kama siagi, ipake kwenye ndevu zilizolowa, kisha itengenezee povu kwa vidole au kitambaa cha pamba. Huchukua muda zaidi, lakini hufanya kazi.

Wembe nao

Kama una vipele, wembe wa kali moja ni salama kuliko wenye makali matatu au matano, ambao huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea. Usiinyooshe ngozi kwa mkono, usikandamize, na suuza wembe kila baada ya kupitisha mara moja mbili. Ukianza kuuma, utupe.

Ukimaliza, suuza na yale maji laini, ujikaushe kwa kugusagusa, upake mafuta au losheni isiyo na manukato. Spiriti inayounguza si dalili ya usafi. Kwenye ngozi iliyokwanguliwa huongeza tu ukavu na muwasho.

Si vya kuazimana

Nyumba nyingi zina wembe mmoja kopo la bafuni, baba anautumia, na kijana anautumia. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone la damu usiloliona linatosha kuvipitisha. Kila mtu awe na wembe wake. Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe ukiona.

Brashi pia ni ya mtu mmoja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Uingereza na wa Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za kunyolea za nywele za farasi ambazo hazikuwa zimesafishwa kwa dawa kiwandani. Leo hatari hiyo ni ndogo mno, lakini fangasi na bakteria wa ngozi bado hupenda mahali penye unyevu. Suuza brashi, ikung’ute, iache ikauke penye hewa. Sabuni nayo isikae ndani ya maji.

Povu lina mipaka

Nisikudanganye: povu jema hupunguza vipele, halimponyi kila mtu. Kama shingo tayari imejaa, dawa ya kwanza ni kupumzisha wembe kabisa kwa wiki nne au zaidi, mpaka nywele zilizonaswa zijitoe. Wanaolazimika kuonekana nadhifu wanaweza kutumia mashine ya umeme inayobakiza unywele mfupi wa kama milimita moja. Usivitumbue vipele, wala usichimbe nywele kwa pini.

Tafadhali epuka pia krimu za kuchanganya za dukani zinazosifiwa kuondoa kila kitu. Nyingi zina steroidi kali. Wiki mbili za kwanza utafurahi, baadaye ngozi huwa nyembamba, na kama chanzo ni fangasi, wataenea.

Fika hospitali ukiona usaha, homa au maumivu yanayozidi, kidonda kisichopona, nywele zinazodondoka kwa mabaka, au vipele vinavyogeuka makovu yanayokua. Kama kwenu kuna watu wenye makovu ya kuvimba, usisubiri. Nawe mwenye kisukari usisubiri. Akina mama mnaonyoa kwapa na sehemu za siri, kanuni za maji, povu na wembe wa mtu mmoja zinawahusu vilevile.

Kijana wetu nilimwandikia barua kwa mwajiri, nikieleza kuwa huu ni ugonjwa wa ngozi na si uvivu, na nikaomba apewe wiki sita za kutumia mashine. Walikubali. Siku hiyo hiyo tulikaa kwenye sinki la kliniki na chupa ya maji ya kunywa, tukatengeneza povu mara tatu mpaka akaliweza. Sasa ananyoa kila baada ya siku mbili. Vipele vimebaki vichache, na yuko kazini. Lile kovu chini ya taya bado lipo na tunalitibu kwa sindano. Huenda lisingekuwepo kama siku ya kwanza ningemuuliza swali moja rahisi: hebu nionyeshe unavyonyoa.

Kesho asubuhi, kabla hujabadilisha wembe au kununua dawa nyingine, jipe dakika tano na hicho kibrashi. Na ukienda kwa daktari kwa ajili ya vipele, beba vifaa vyako.